Amri ya Saa Mbili na Dakika Arobaini na Moja

"Ni mimi, afande. Andika tu."

Inspekta Mwanvua Shamte hakuandika. Aliilaza kalamu juu ya karatasi ya maelezo ya onyo, akamtazama kijana aliyekaa mbele yake. Calist Paskali alikuwa na miaka ishirini na minne, na hii ilikuwa siku yake ya tatu mahabusu. Mkanda na viatu walikwisha kumvua, na miguu yake mitupu aliikunja chini ya kiti kama mtoto aliyeitwa mbele ya wageni.

"Ni wewe uliyefanya nini?"

"Niliyefuta orodha."

"Orodha ipi?"

"Ya watoa damu. Ile ya Ulemo."

"Ulijua dada yako ana mimba ya miezi tisa?"

"Nilijua."

"Na bado ukaifuta."

"Nilikuwa na hasira na hospitali. Ijumaa waliniachisha kazi, kazi yangu wakaipa kampuni ya Arusha. Niliwaambia mtanikumbuka. Watu walisikia."

Kweli walisikia, na maneno hayo yalikuwa ndani ya jalada, yamepigiwa mstari. Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Jumatatu alasiri Luciana Paskali, karani wa kumbukumbu katika kituo cha afya cha Mtakatifu Anselmi kijijini Ulemo, alijifungua salama mtoto wa kike. Kisha damu ikakataa kukata. Kundi lake lilikuwa O hasi, ambalo halipatikani kwa kila mtu. Kwa ajili ya shida kama hiyo hospitali mama, iliyoko Singida mjini, ilikuwa na orodha ya watu waliojitolea kutoa damu, na nakala yake ilikaa katika kompyuta ya Ulemo. Daftari la karatasi lilikwisha kuchukuliwa na hospitali mama kompyuta ilipoletwa. Muuguzi alipofungua kompyuta, orodha haikuwepo. Alipiga simu Singida, ofisi imefungwa tangu saa tisa na nusu. Saa moja kasoro jioni Luciana akakata roho. Siku ya pili, kwenye mazishi, akatokea mfuga nyuki mmoja aitwaye Alute, ambaye nyumba yake iko nyuma ya soko la Ulemo, mwendo wa robo saa kwa miguu. Kadi yake ilikuwa imeandikwa O hasi. Alizunguka makaburini akimwuliza kila mtu, "Mbona sikuitwa? Mbona mimi sikuitwa?"

"Haya," alisema Mwanvua. "Nieleze ulivyofanya. Polepole, mimi si mtu wa kompyuta."

Kwa mara ya kwanza kijana alinyanyua uso. Kueleza kazi yake kulimpa pumzi.

"Kuna programu niliiandika, naiita Sasisha. Ni kama barua ya maagizo. Mashine inaisoma mstari kwa mstari na kutenda. Lugha yenyewe inaitwa Perl, lakini ndani yake nilitengeneza maneno mawili ya kwetu, *hapa* na *kule*. Nikiandika *hapa*, amri inatendeka kwenye mashine niliyokalia. Nikiandika *kule*, amri inapita kwenye waya wa simu, inaingia mashine ya Ulemo, inatendeka Ulemo, kama vile nimekaa mbele yake."

"Niandikie."

Akachukua kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na safi.

hapa("sort -o orodha orodha");
kule("rm orodha");
tuma("orodha");

"Wa kwanza unapanga orodha vizuri. Wa pili unafuta ile ya zamani ya Ulemo, maana mashine yao ina nafasi finyu, lazima ya zamani itoke kwanza. Wa tatu unapeleka mpya. Kila Jumatatu asubuhi, dakika mbili, imekwisha."

"Na Jumatatu hii?"

"Niliendesha mstari wa pili peke yake."

"Ukiwa wapi?"

"Ofisini kwetu. Hospitali, hapa mjini."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika arobaini na moja."

"Kwa simu ya ofisi?"

"Ndiyo. Inapiga yenyewe."

Mwanvua alifungua bahasha, akatoa karatasi yenye muhuri wa watu wa simu. Akaigeuza ili kijana aisome.

"Hizi ni simu zote zilizopigwa na laini ya hospitali Jumatatu. Nionyeshe ya Ulemo."

Calist alipitisha kidole kutoka juu hadi chini. Kidole kikafika mwisho wa karatasi kikasimama.

"Hakuna," alisema Mwanvua. "Mlinzi wa geti naye alikichukua kitambulisho chako Ijumaa, na Jumatatu hakukuona. Haya, ulifuta kwa njia gani?"

"Basi nilitumia simu nyingine."

"Ipi?"

"Sikumbuki."

"Calist." Alishusha sauti. "Miaka tisa nahoji watu kwenye chumba hiki. Wote hudanganya ili watoke. Wewe ni wa kwanza kudanganya ili ubaki."

Kijana alisogeza miguu chini ya kiti. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, ingawa asubuhi ya Singida ilikuwa bado na ubaridi na upepo ulikuwa ukitikisa bati.

Mwanvua akatoa karatasi ya pili. Hii ilitoka kwenye kompyuta ya Ulemo yenyewe, mahali inapoweka kumbukumbu ya kila anayeingia. Mtaalamu wa kampuni mpya ndiye aliyeichapa, akapigia jina *calist* mstari mwekundu kila lilipotokea. Polisi wote walioishika walisoma mistari myekundu tu. Mwanvua alichukua rula, akafunika majina, akasoma yaliyobaki.

Jumatatu ya wiki iliyopita: kutoka singida, kwenda ulemo. Ya kabla yake: kutoka singida, kwenda ulemo. Na ya kabla yake. Wiki kumi na moja hivyohivyo. Kisha Jumatatu hii, saa mbili na dakika arobaini na moja.

"Kwa nini safari hii imeandikwa kutoka ulemo, kwenda ulemo?"

Calist aliutazama mstari ule. Akafumba macho, akayafumba kwa nguvu.

"Usiende Ulemo, afande," alisema. "Nakuomba. Nimekwisha kukubali. Mnataka nini kingine?"

*

Mkuu wa Upelelezi, Afande Mazengo, alikuwa anakula karanga kwenye kona ya meza yake. Alimsikiliza mpaka mwisho, akakung'uta maganda mikononi.

"Nina jina lake kwenye mashine. Nina sababu, alifukuzwa. Nina kinywa chake mwenyewe. Wewe una nini, Shamte?"

"Amri haikutoka Singida, afande. Ilitokea Ulemo. Jina ni lake kwa sababu programu ni yake, inaingia kwa jina lake hata ikiendeshwa na mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Ndicho ninachokwenda kutafuta."

"Kesho saa tatu anasomewa shtaka la kuua bila kukusudia. Hakimu akimwuliza, atasema ndiyo, na ndiyo ya mahakamani haitoki kirahisi. Chukua Land Rover. Ukirudi na hadithi ya kompyuta nitakucheka. Rudi na mtu."

*

Alizeti za njiani zilikuwa zimekwisha kuinamisha vichwa zikisubiri kuvunwa. Dereva alijaribu mazungumzo mara mbili, akaacha. Saa sita kasoro walikuwa Ulemo.

Muuguzi mkuu wa kituo, Mama Rahabu, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye mikono iliyozoea kuosha. Alikuwa anaanua mashuka uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja tena na makaratasi yenu."

"Makaratasi kidogo, maswali kidogo. Ofisi ya kompyuta ina funguo ngapi?"

"Mbili. Mmoja wangu. Mmoja wa Luciana, ameurudisha mumewe Jumanne na vitu vya marehemu."

"Jumatatu asubuhi ofisi ilifunguliwa?"

"Haikufunguliwa. Luciana likizo yake ilianza Ijumaa jioni."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kliniki ya watoto. Tangu saa mbili mpaka saa sita sikuondoka kwenye mizani. Waulize akina mama, walikuwa zaidi ya arobaini."

Jibu lilikuja limenyooka, halina hata pumzi katikati. Mtu mwenye ufunguo, aliyekuwa kituoni, na ambaye jibu lake lilikuwa tayari kabla ya swali. Mwanvua aliandika jina la Rahabu katika daftari lake, akalichorea duara.

"Nionyeshe mizani."

Ilikuwa katika chumba kidogo, imening'inizwa kwenye boriti, na suruali yake ya kitambaa ya kuwabebea watoto. Akina mama husubiri barazani upande wa barabara, Rahabu alieleza, na huingia mmoja mmoja. Mwanvua alisimama pale anaposimama mpimaji. Mbele yake kulikuwa na dirisha. Nje ya dirisha, hatua kama ishirini, ng'ambo ya ua, mlango wa bluu.

"Ule ni mlango wa nini, mama?"

Rahabu alikunja shuka alilokuwa nalo. Akalikunja tena.

"Wa ofisi."

"Kwa muda wa saa nne umesimama unautazama mlango ule. Naomba nikuulize upya. Jumatatu asubuhi ofisi ilifunguliwa?"

Shuka lilianguka. Rahabu akakaa kwenye benchi la akina mama.

"Alikuja," alisema. "Tumbo liko mbele, yeye yuko nyuma, anacheka. Nikamwita kwa dirishani, wewe, si uko likizo? Akaniambia, dakika tano tu, mama, fundi mpya hajafika na leo ni Jumatatu. Kweli alitoka baada ya dakika tano. Akanipungia mkono. Saa saba uchungu ukamshika."

"Na jioni?"

"Nilipofungua ile mashine nikakuta hakuna kitu, nilipiga kelele. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, akasikia. Akaniambia kutoka kitandani, 'Mama, fungua tena, ipo. Nimeiweka mpya leo kwa mkono wangu.' Nikarudi nikafungua tena. Hakuna. Nikamwambia hakuna. Akasema fungua tena." Rahabu alijifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayejipangusa unga. "Sijui nilifungua mara ngapi. Ameondoka anaamini ni mimi nisiyejua kufungua."

Mwanvua aliokota shuka, akaliweka kwenye benchi.

"Kwa nini hukusema?"

"Polisi waliniuliza nani amefuta. Hawakuniuliza nani amekuja. Nami nimseme nani, mwanangu? Yule aliye chini ya udongo?"

"Na Calist yuko ndani."

"Nilijua hana kosa. Nikadhani mtamwachia. Halafu nikasikia amekubali." Alitikisa kichwa. "Hapo nikajua naye anajua."

*

Ofisi yenyewe ilikuwa meza, kiti, kompyuta ya zamani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na simu. Disketi ilikuwa bado ndani ya mashine. Mwanvua alivaa glavu alizopewa na Rahabu, akaitoa, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika saa. Kisha akavuta droo. Kulikuwa na daftari la shule la kurasa arobaini na nane, na kila ukurasa ulikuwa na tarehe. Luciana alikuwa mtu wa kuandika kila alichoambiwa. Alikiandika neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu, kama mwanafunzi kwenye imla.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa.

*Calist kwa simu: "Disketi inakuja na gari la wagonjwa. Mpe fundi mpya akipitia Ulemo. Mwambie iendeshwe hapa kila Jumatatu asubuhi, asikose hata wiki moja, watu wasije wakafa kwa orodha iliyochakaa."*

Mwanvua aliusoma akiwa amesimama. Haukumwambia kitu. Akakaa kwenye kiti cha Luciana, akausoma kwa sauti, na alipofika kwenye *hapa* mkono wake wenyewe ulinyooka ukagusa meza.

Kumbukumbu ikamrudisha nyuma. Alikulia katika duka la nguo la baba yake, mzee Shamte, mjini Singida, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika maagizo ya wateja wa simu. Akiandika "mzigo uletwe hapa" baba alimfinya sikio: hapa ya nani? Andika jina la mji.

Akatoa karatasi ya Calist yenye mistari mitatu, akaiweka kando ya daftari. Sasa alijifanya yeye ni mashine. *Hapa*, panga orodha: aliyekaa yuko Ulemo, basi ilipangwa orodha ya Ulemo. *Kule*, futa orodha: kule kwa programu ni Ulemo siku zote. Ikafutwa orodha ya Ulemo, ileile iliyopangwa sekunde moja kabla. Tuma: hapakuwa na cha kutuma. Kwenye kiti hiki, hapa na kule palikuwa chumba kimoja.

Alinyanyua simu, akapiga kituoni Singida, akamwomba askari wa zamu amlete Calist kwenye mapokezi. Alisubiri, akisikia waya ukivuma.

"Haloo." Sauti ilikuwa ya mbali.

"Calist, nimekaa kwenye meza ya Luciana. Nina daftari lake. Ijumaa ulipompigia ukasema iendeshwe hapa, hapa ilikuwa wapi?"



"Singida, afande. Nilikuwa nimekaa Singida." Akavuta pumzi. "Ningesema Singida. Neno moja."

"Programu ikimaliza inaandika nini?"

"Inaandika 'Imekamilika'."

"Hata kama haikutuma kitu?"

"Hata kama. Mashine ikijiita yenyewe haihitaji simu, na sikuiwekea mstari wa kuuliza kama amri imefaulu au imeshindwa. Niliona ni dakika mbili tu, nitauweka siku nyingine. Kwa hiyo aliona 'Imekamilika', akazima, akaenda zake. Afande, ni mimi. Mimi ndiye niliyeandika."

"Ulijua lini?"

"Mliponionyesha ile saa. Singida hakukuwa na mtu, na Ulemo aliyekuwa na disketi ni mmoja." Sauti yake ilikatika, ikarudi. "Shemeji Simeoni asijue. Ana mtoto wa siku nne. Akijua ni mkono wa Luciana mwenyewe atamkasirikia nani? Afadhali amchukie mtu aliye hai."

Simu ya pili Mwanvua alimpigia Mazengo. Alimsomea daftari, akamweleza Rahabu. Upande wa pili ulikohoa.

"Nakuelewa, Shamte, na roho inaniuma. Lakini muuguzi wako ana ufunguo wake, alikuwepo, na amedanganya siku tatu. Wakili wa hospitali atasema yeye ndiye aliyeingia na sasa anamsukumia marehemu. Niletee shahidi wa pili aliyejua Luciana amekwenda ofisini asubuhi ile. Mtu ambaye hana sababu ya kumtetea Calist."

Walikuwepo watu wengi Ulemo wasio na sababu ya kumtetea Calist. Aliyejua Luciana alikokwenda alikuwa mmoja.

*

Mwalimu Simeoni alikuwa amekaa nje ya nyumba yake kati ya wanaume wa matanga, kwenye benchi lililoazimwa shuleni. Ndani wanawake walikuwa wanapika uji, na kilio chembamba cha mtoto kilipanda, kikanyamazishwa. Alipomwona askari alisimama, akaja mpaka kwenye uzio. Alikuwa mtu mrefu, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni.

"Pole sana, mwalimu."

"Tumekwisha kupoa. Amehukumiwa?"

"Bado. Nimekuja kuchukua maelezo yako."

"Nilikwisha kutoa. Calist nilimsomesha mimi. Ada ya chuo cha Dodoma niliitoa mimi, mshahara wa ualimu. Jina lake lisitajwe kwenye nyumba hii."

"Swali langu halimhusu. Linamhusu mkeo." Mwanvua alifungua jalada juu ya nguzo ya uzio. "Lazima nikuulize bila kukutajia jibu. Jumatatu asubuhi mkeo alikuwa wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Asubuhi yote?"

Simeoni alikunja uso kama mtu anayesahihisha hesabu ya mwanafunzi mzuri na kukuta kosa. "Hapana. Alitoka kidogo. Saa mbili na robo hivi. Nilikuwa nafunga kamba za viatu niende shule. Nilimwambia upumzike, mwanamke. Akasema anakwenda kuweka orodha mpya, dakika tano. Akasema, 'Jumatatu haijawahi kupita bila orodha, na wiki hii nani ajuaye nani atahitaji damu.'"

Macho yake yalitoka kwa Mwanvua, yakaenda kwenye jalada, yakarudi.

"Kwa nini unaniuliza hivyo?"

Mwanvua angeweza kufunga jalada pale. Sentensi aliyoihitaji alikwisha kuipata. Lakini sheria ilitaka shahidi aelewe anachosaini, na hata kama sheria isingetaka, mtu huyu angelisikia mahakamani mbele ya watu. Akamweleza. Hakupamba. Alimweleza daftari, neno moja lililosafiri kutoka Singida hadi Ulemo, mistari mitatu, na lile "Imekamilika". Alizungumza akitazama vifungo vya shati, maana uso hakuuweza.

Alipomaliza, Simeoni alikuwa ameshika uzio kwa mikono yote miwili.

"Alijua?"

"Hakujua. Mpaka mwisho alimwambia Mama Rahabu orodha ipo."

"Hakujua," alirudia. Kisha, "Na hili lazima liandikwe?"

"Usiposaini, siwezi kukulazimisha. Kesho saa tatu Calist anasomewa shtaka. Amekwisha kukubali kosa."

"Amekubali kwa nini, kama hakufanya?"

"Ili wewe usijue."

Simeoni aligeuka, akampa mgongo. Mabega yake yalipanda na kushuka mara moja, mara mbili, bila sauti. Mmoja wa wazee alianza kunyanyuka, mwingine akamvuta shati akae. Dereva akazima injini.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya darasani.

"Andika. Nitasema polepole."

Mwanvua aliandika. Kisha, kama utaratibu unavyotaka, akamsomea kila alichoandika. "'…Jumatatu majira ya saa mbili na robo asubuhi, marehemu mke wangu aliniaga na kwenda ofisini kwake, ambako aliendesha programu iliyofuta…'"

"Hapo," alisema Simeoni. "Sikusema hivyo."

"Ndilo lililotokea, mwalimu."

"Lililotokea utaandika wewe kwenye maelezo yako. Haya ni yangu, nami ofisini sikuwepo. Mimi nasema alivyoniaga. Kata hapo. Andika: alikwenda kuweka orodha mpya kwa ajili ya wagonjwa."

Alikuwa na haki kisheria. Mwanvua alikata mstari kwa rula, akaandika juu yake maneno ya mwalimu, akampa kalamu. Simeoni aliweka herufi za jina lake pembeni ya sahihisho, kisha akasaini chini, polepole, kila herufi kamili.

"Mama mkwe asisomewe," alisema. "Nitamwambia mimi, siku nitakayoweza."

"Sitamsomea."

Akamrudishia kalamu. Lakini hakuondoka. Alitazama Land Rover.

"Nyuma kuna nafasi?"

"Ipo. Kwa nini?"

Simeoni aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na koti mkononi. Kwenye benchi mzee yuleyule alisimama, na safari hii hakuvutwa.

"Mwalimu, matanga hayajaisha. Watu wamekuja kwako. Unakwenda wapi na polisi?"

"Singida. Nataka kesho asubuhi niwe mlangoni wakimtoa shemeji yangu." Simeoni alivaa koti, akaanza kufunga vifungo, vidole vikikosea matundu. "Tulimzika dada yake yeye yuko ndani, mzee. Bado hajatupa udongo wake."